Matege kwa mtoto: lini usubiri, lini uende hospitali

Swali: Mwanangu ana mwaka na miezi miwili, ameanza kutembea juzi. Miguu yake ina matege hata paka anaweza kupita katikati. Nyanyake anasema ni mimi, kwa sababu namfunga nepi nene na kumbeba mgongoni kwa leso. Ni kweli?

Jibu: La, mama. Nepi haina hatia, wala leso. Mtoto hukaa amejikunja tumboni, kwa hiyo karibu wote huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo, ila sisi huiona vizuri anaposimama. Kwa kawaida hunyooka akikaribia miaka miwili. Baadaye, akiwa na mitatu au minne, magoti huanza kugusana. Usishtuke, hayo pia hujirekebisha kufikia miaka saba au minane.

Swali: Basi nisubiri tu?

Jibu: Subiri ukitazama. Mlaze chali, mnyooshe miguu, unganisha vifundo vya miguu, kisha pima nafasi iliyo kati ya magoti. Ikizidi sentimita 6, mpeleke. Mpeleke pia ikiwa amepita miaka miwili na matege yanazidi, anachechemea, analia maumivu, au ni mfupi kuliko wenzake. Mguu mmoja ukipinda kuliko mwingine, usingoje hata mwezi.

Swali: Tunaishi Pipeline, mtaa wa ghorofa hapa Nairobi, nyumba ya chini. Taa huwaka mchana kutwa. Hilo lina uhusiano?

Jibu: Lina uhusiano mkubwa, na ndilo ningeuliza kwanza. Ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa na jua, na bila vitamini hiyo mwili haufyonzi kalisi ya kutosha, mifupa inabaki laini na kupinda kwa uzito wa mtoto. Huo ndio ugonjwa wa riketsi. Ajabu ni kwamba tuko karibu na ikweta na bado tunauona, kwa sababu ghorofa zimebanana na mtoto hushinda ndani. Kumkalisha kwenye dirisha la kioo hakusaidii, kwani kioo huzuia miale inayohitajika. Maziwa ya mama ni bora, lakini yana vitamini D kidogo. Dalili nyingine: viungo vya mikono vilivyovimba, meno kuchelewa, utosi kuchelewa kufunga, kuchelewa kutembea. Mtoe nje mikono na miguu ikiwa wazi, na aliyeanza kula apewe maziwa, mayai na omena.

Swali: Je, kumkanda na mafuta, au viatu maalumu?

Jibu: Havinyooshi mfupa.

Swali: Hospitalini watafanya nini?

Jibu: Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ubebe kijitabu cha kliniki, kwa sababu rekodi ya uzito na urefu husaidia sana. Ukihitaji rufaa, utapelekwa hospitali kubwa kama Mama Lucy Kibaki au Kenyatta. Watapiga eksirei na kupima damu. Riketsi ya kukosa vitamini D hutibiwa kwa vitamini D na kalisi, na mara nyingi miguu hunyooka polepole, kwa miezi, bila kisu. Lakini kuna ugonjwa wa Blount, ambapo sehemu ya ndani ya mfupa wa muundi, chini ya goti, haikui sawasawa. Huwapata zaidi watoto wanene walioanza kutembea mapema. Huo, vitamini haiuondoi. Ukigunduliwa kabla ya miaka mitatu, vyuma vya kuvaa mguuni vinaweza kutosha. Ukichelewa, ni upasuaji.