Norwei kwa baiskeli: acheni kuniuliza kilele kina mita ngapi

Ujumbe umeingia tena, safari hii kutoka kwa kijana anayefanyia mazoezi Iten. Anataka kuivuka Norwei kwa baiskeli kutoka kusini hadi kaskazini, na hesabu ameshaipiga. Mlima mrefu kuliko yote kule, Galdhøpiggen, una mita 2469. Yeye analala na kuamka kwenye mita 2400 hivi. Kwa hiyo Norwei kwake ni uwanja wa mpira. Kutoka Lindesnes mpaka Nordkapp ni kilomita 2500 na ushee, ukigawanya kwa 120 kwa siku unapata wiki tatu, kwisha habari. Anachoomba ni nimchoree njia tu.

Kaka, mapafu yako nayaheshimu. Ila hesabu hiyo nimeshaisoma kutoka kwa watu wa Arusha, wa Nairobi, wa Mbeya, hata kwa Waswahili wenzangu wanaoishi Oslo na kuiona milima kwa dirisha la treni. Kila mara inaanza na kilele. Kilele kinakuhusu nini? Hakuna barabara inayofika juu ya Galdhøpiggen. Barabara ya juu kuliko zote zinazovuka milima kule ni ya Sognefjellet, nayo inakomea mita 1434. Hiyo ni Arusha. Nairobi iko juu zaidi. Hewa utaipata tele, hutapungukiwa hata pumzi moja kwa sababu ya mwinuko.

Tatizo ni unapoanzia. Fyodi, yaani ghuba nyembamba za bahari katikati ya milima, zinaingia ndani ya nchi mno: Skjolden, ambako Sognefjord inaishia, ni zaidi ya kilomita 200 kutoka bahari kuu, na bado maji yaliyo mbele yako ni ya usawa wa bahari. Unaanzia sifuri, unapanda hadi 1434, unateremka Lom, chini kidogo ya mita 400. Kutoka Lom unapanda tena kupita mita 1000, kisha barabara inakutupa Geiranger, sifuri. Asubuhi unaanza na barabara ya Ørnevegen, zaidi ya mita 600, halafu unashuka Eidsdal, sifuri tena. Unavuka kwa kivuko, unapanda mpaka mita 850 hivi, unashuka kona 11 za Trollstigen na kufika Åndalsnes. Sifuri. Jumla umepanda zaidi ya mita 3500 katika umbali usiofika kilomita 300, na hakuna mahali ulipopita urefu wa Arusha kwa maana ya kusumbua mtu. Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 500, tofauti ya mwinuko ni mita 1700 na kitu. Kipande hicho kimoja cha Norwei kinakupandisha mara mbili ya hapo.

Namba ya kutafuta, basi, ni jumla ya mita unazopanda kila siku. Mimi naifanyia kazi hivi. Chukua mwendeshaji, baiskeli, hema, chakula na maji: kilo 110. Miguu ya mtu wa kawaida ikitoa wati 150 bila kufa, kwa karatasi unapanda mita 500 kwa saa. Toa msuguano wa matairi, toa upepo, toa kusimama kuvaa koti na kuvua koti. Naandika 400. Sognefjellet kutoka Skjolden ni saa tatu na nusu za kukanyaga pedeli. Saa za tambarare nazihesabu kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa, najumlisha zote mbili. Zile 120 zako sehemu nyingi zinageuka 70.

Hesabu hii ina tundu, na vitabu vya mwongozo vinalifunika vizuri. Inadhani miguu ya siku ya tano ni ile ile ya siku ya kwanza. Sijaona kanuni ya uchovu unaolimbikizana iliyoniridhisha. Naweka siku ya kupumzika baada ya kila siku nne, na ukinibana kwa nini nne, jibu la kweli ni mazoea. Halafu hiyo jumla ya kupanda yenyewe haitulii: ipitishe njia ile ile kwenye programu mbili, utapewa namba mbili, kwa sababu kila moja ina namna yake ya kuhesabu vijiinuko vidogo. Chagua programu moja ubaki nayo. Angalau kosa lake utalizoea.

Gia ni suala la dakika mbili. Mbele meno 30, nyuma 34, ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 7 kwa saa, na kwenye mwinuko wa asilimia 8 hiyo tayari imezidi wati zako. Weka 26 mbele na 36 nyuma. Ukiona aibu kuwa na sproketi ndogo mbele, utaona aibu zaidi ukisukuma.

Sasa tufike kwenye kinachonikera: mahandaki.

Norwei ina zaidi ya mahandaki 1000 ya barabara, na programu za kupanga njia haziyaelewi. Kosa la kwanza linajulikana. Programu inakupitisha kwenye handaki ambalo baiskeli hairuhusiwi. Kati ya Aurland na Lærdal kuna handaki la kilomita 24.5, lililofunguliwa mwaka 2000, refu kuliko yote ya barabara duniani. Kwenye simu ni saa moja na nusu ya raha. Mlangoni kuna kibao cha baiskeli ndani ya duara jekundu, na hakuna wa kumbembeleza. Unayobaki nayo ni barabara ya zamani inayopita juu, Aurlandsfjellet: kutoka sifuri hadi mita 1306 na kurudi sifuri, kilomita 48 hivi. Wenyeji wanaiita Snøvegen, barabara ya theluji, na hawatanii, maana kuta za theluji hukaa kando yake hadi kiangazi. Saa moja na nusu yako imekula siku nzima, na kivuko ulichopanga kukiwahi jioni kimeondoka.

Kosa la pili hata wazoefu wengi hawalijui. Programu haijui barabara iko urefu gani. Inachojua ni uso wa ardhi. Inachukua mstari wako, inaulaza juu ya ramani ya miinuko na kusoma namba zilizo chini yake. Barabara ikiingia ndani ya mlima, programu inasoma mgongo wa mlima. Wewe unaendesha gizani kwenye tambarare, yenyewe inakuandikia umepanda mita 500 na kushuka 500. Pwani ya magharibi mchezo huu unajirudia tena na tena, mpaka jumla ya siku inatisha na mtu anafuta sehemu nzuri kuliko zote kwa kuogopa milima ambayo asingeipanda. Na mtu huyo huyo, ukimwambia kuhusu Sognefjellet, anakujibu kuwa ni mita 1434 tu.

Chini ya bahari kosa linageuka. Handaki linaloingia kisiwa cha Magerøya, kiliko Nordkapp, lina urefu wa mita 6870 na linazama hadi mita 212 chini ya bahari. Baiskeli zinaruhusiwa, na ndiyo barabara pekee ya kuingilia. Programu inasoma uso wa bahari: sifuri, sifuri, sifuri. Tambarare tupu! Kumbe unateremka kwenye mwinuko unaofika asilimia 9, kwenye baridi, lori likikujia na mvumo unaojaza handaki zima kabla hujaliona, kisha unapanda hizo 212 zote upande wa pili. Kwa kanuni yangu ni zaidi ya nusu saa, mwishoni kabisa mwa nchi, kwa miguu iliyochoka. Kule visiwa vya Lofoten kuna handaki dogo la aina hiyo, Nappstraum, mita 63 tu chini ya bahari. Hilo unalimaliza kabla hujakasirika.

Kwa hiyo kila handaki linalozidi nusu kilomita nalikagua kwa mkono: je, baiskeli inaruhusiwa; je, ipo barabara ya zamani inayozunguka nje; je, inapitika. Taarifa za idara ya barabara, Statens vegvesen, ndizo za kuanzia. Swali la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Barabara nyingi za zamani ziliachwa kwa sababu mawe yalikuwa yanaporomoka juu yake, na handaki likachimbwa kuwaepusha watu na mawe hayo. Leo tunamwambia mwendesha baiskeli apite nje kwa usalama. Usalama gani? Ndani kuna malori, nje kuna mlima unaobomoka. Trollstigen yenyewe ilifungwa Juni 2024 kwa sababu ya mawe na haikufunguliwa tena msimu ule. Mimi hupita nje kukiwa kukavu na lami haina vipande vipya vya mawe. Baada ya mvua kubwa naingia ndani na taa na kizibao cha kuakisi. Mwenzangu wa kazi hufanya kinyume, na sijaweza kumshinda kwa hoja.

Mengine haraka. Jumapili maduka makubwa hufungwa, nunua chakula Jumamosi. Hema unaruhusiwa kulipiga kwenye ardhi isiyolimwa, mita 150 kutoka nyumba ya mtu, sheria ni ya mwaka 1957, na shamba la mtu si nyika hata kama hulioni limelimwa. Vitabu vinasema upepo wa kiangazi hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo nenda kaskazini. Siku za jua kali kule Nordland, mkoa wa kaskazini, upepo wa kaskazini umenipiga usoni kiasi kwamba siiamini tena sababu hiyo. Bado nashauri kuelekea kaskazini, kwa kuwa theluji inakupisha kadiri unavyosogea. Rallarvegen, njia iliyotumika kujenga reli ya Bergen iliyofunguliwa 1909, inafika mita 1343 na mara nyingi ina theluji hadi ndani ya Julai. Ukitaka kuipita mwanzoni mwa Juni, chukua sepetu. Viza ya Schengen inakupa siku zisizozidi 90 katika 180, na maombi hayapokelewi mapema kuliko miezi sita kabla, kwa hiyo tarehe ya theluji ndiyo inayopanga tarehe ya ubalozi.

Kijana wa Iten, nijibu hivi: uzito wa mzigo wako wote, meno ya gia yako ndogo, na tarehe ya kwanza unayoweza kusafiri. Nikivipata, njia nitakuchorea.