Namba ya Pembeni Inasema 120, na Gemu Bado Linakwama

Mwezi huu peke yake ni mtu wa nne kuniwekea mashine mezani na kunitamkia sentensi ile ile, kana kwamba wote wanne wamefundishwa na mwalimu mmoja: "Fundi, nimebadilisha kadi ya grafiki, fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) zimepanda mara mbili, lakini gemu linakwama, kwa hiyo kadi niliyouziwa ni mbovu." Wa tatu alikuwa ameshairudisha dukani, akaongeza pesa na kuchukua kubwa zaidi, nayo ikakwama vilevile, ndipo akaanza kuishuku pawa saplai. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo huku nimeshika bisibisi, kwa hiyo naliandika mara moja, na atakayekuja wa tano atalisoma akiwa kwenye benchi kabla sijafungua kava.

Kadi ya grafiki iliyoharibika ina dalili zake na hazijifichi: picha hujaa vipande vya rangi visivyohusika, kioo huwa cheusi, draiva (programu inayoiendesha kadi) huanguka, au mashine nzima hujizima. Kukwama kwa sehemu ya sekunde, kisha mambo yakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, ni nadra kuwa ugonjwa wake. Mara nyingi kadi mpya inakuwa na kasi ambayo mashine iliyowekewa haijaizoea. Ile ya zamani ilipokuwa ikitumia milisekunde 25 kuchora fremu moja, prosesa, RAM na diski zilipata muda wa kuandaa fremu inayofuata, na aliyechelewa kidogo hakuonekana kwa sababu wote walikuwa wakimsubiri mchoraji. Mchoraji mpya anamaliza kwa milisekunde 7, ananyoosha mkono kudai kazi nyingine, na hapo ndipo mchelewaji anapoumbuka.

Sasa tuje kwenye ile namba ya pembeni mwa kioo, inayohesabu fremu kwa sekunde, ambayo ndiyo chanzo cha hasira yangu. Fremu kwa sekunde ni wastani, na wastani hauna habari na mtu mmoja aliyechelewa. Chukua sekunde moja yenye fremu 120, ambamo fremu 119 zimechukua milisekunde 7 na ushei kila moja, na fremu moja iliyobaki imechukua milisekunde 150. Jumla yake ni sekunde moja kamili, namba inaandika 120 bila aibu, na mchezaji aliyekuwa akilenga shabaha ameshauawa. Kwenye monita ya 144 Hz, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 6.9 hivi, fremu hiyo moja ina maana kwamba picha ile ile imeganda machoni kwa mizunguko zaidi ya 20. Hakuna jicho lisiloliona hilo, na hakuna wastani unaolionyesha.

Jambo hili wala si geni. Mwandishi Scott Wasson aliliandikia kwa kina katika The Tech Report, tovuti ya kupima vifaa vya kompyuta, mwaka 2011, na tangu wakati huo wapimaji makini hupima muda wa kila fremu badala ya kuhesabu fremu za sekunde nzima. Zana zenyewe ni za bure: PresentMon, CapFrameX, au RivaTuner inayochora mstari juu ya gemu lenyewe wakati unacheza. Unachotafuta ni miiba katika mstari huo. Mstari ulionyooka kwenye milisekunde 16.7, yaani fremu 60, unapendeza machoni kuliko mstari unaoruka kati ya 6 na 40, hata kama wastani wa huo wa pili ni mkubwa zaidi. Wengine hukimbilia kipimo kinachoitwa "1% low", na mimi mwenyewe nakitumia, lakini nakiri kwamba kinadanganya pia: programu moja hukuletea wastani wa asilimia moja ya fremu zilizochelewa kuliko zote, nyingine hukuletea mpaka ambao asilimia 99 ya fremu hazikuuvuka, kwa hiyo picha mbili kutoka programu mbili hazilinganishwi. Tena, kwa hesabu hiyo ya mpaka, mwiba mmoja mrefu kati ya fremu elfu kumi hauonekani popote, ingawa ndio uliokuleta kwangu.

Kabla ya kugusa chochote namkalisha mwenye mashine acheze mbele yangu, na ninamtaka apite njia ile ile mara mbili. Mafundi wengi huniona napoteza muda, lakini dakika hizo kumi huniambia mengi kuliko kuchomoa na kuchomeka.

Ikiwa mara ya kwanza gemu limekwama kwenye mlipuko, na mara ya pili mlipuko ule ule umepita laini, basi tunazungumzia sheda. Hizi ni programu ndogondogo zinazoielekeza kadi namna ya kuchora maji, ngozi au moshi. Kwenye PlayStation 5 mtengenezaji huzileta zikiwa tayari, kwa sababu vifaa vyote ni vya aina moja. Kwenye kompyuta hajui una kadi gani, hivyo sehemu ya mwisho ya kazi hufanywa na draiva ndani ya mashine yako. Chini ya DirectX 12 na Vulkan, mifumo ambayo gemu hutumia kuzungumza na kadi, gemu ambalo halikuifanya kazi hiyo mapema hulazimika kuifanya wakati mlipuko unapotokea, na fremu husimama kuisubiri. Matokeo huhifadhiwa kwenye diski, ndiyo maana mlipuko wa pili hauna shida. Ukibadilisha kadi, na mara nyingi hata ukisasisha draiva tu, akiba hiyo haifai tena na kazi inaanza upya. Kwa maneno mengine, jioni ya kwanza ya kadi mpya ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo jioni ambayo watu hunipigia simu. The Last of Us Part I lilipofika kwenye kompyuta mwezi Machi 2023, liliwasubirisha watu muda mrefu mwanzoni likiandaa sheda, na wengi walipiga kelele. Ninachowasihi ni wasiruke hatua hiyo linapokuja gemu linaloitoa.

Hata hivyo, neno sheda nalo sasa limekuwa kama malaria: kila homa ni malaria, na dawa inamezwa kabla ya kipimo. Elden Ring lilipotoka Februari 2022 likiwa linakwama, kila mtu alilaumu sheda. Pierre-Loup Griffais wa kampuni ya Valve, ambao walikuwa wakilirekebisha kwa ajili ya Steam Deck, kompyuta yao ya mkononi ya kuchezea gemu, alieleza kwamba sehemu kubwa ya mikwamo mikubwa waliyoiona haikutoka huko, bali ilitokana na gemu kuunda maelfu ya vitu kwa mkupuo mahali fulani na kuulemea mfumo unaogawa kumbukumbu. Kama gemu lililosifika kwa ugonjwa huo lilikuwa na ugonjwa mwingine, lako je?

Ikiwa linakwama mahali pale pale kila unapopita, basi data ndiyo inayochelewa kufika: diski ya zamani inayozunguka, RAM iliyojaa, au kumbukumbu ya kadi yenyewe iliyofurika. Kumbukumbu ya kadi inapojaa, kinachozidi hupelekwa kwenye RAM na kurudishwa kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na madabodi, ambayo ni nyembamba mno kwa shughuli hiyo. Tazama kadi ya AMD RX 6500 XT ya Januari 2022, yenye GB 4 na njia nne tu za PCIe: ukiiweka kwenye madabodi ya PCIe 3.0, kizazi cha nyuma cha njia hiyo, upana wa njia hizo hupungua kwa nusu, na mikwamo huongezeka. Punguza ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu) ngazi moja kabla hujafikiria kununua chochote.

Sauti nayo ikikwama pamoja na picha, hata ukiwa unasikiliza muziki tu bila gemu, acha kulichunguza gemu. Mnamo Machi 2022 AMD walikiri kwamba baadhi ya mashine zenye prosesa zao za Ryzen zilikuwa zikiganda kwa vipindi kwa sababu fTPM, sehemu ya usalama ndani ya mfumo, ilikuwa ikisoma na kuandika kwenye chipu ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha madabodi), na dawa ilikuja ndani ya BIOS mpya zenye AGESA 1207, toleo la msimbo wa AMD unaowekwa humo. Watu walibadilisha kadi kwa ajili ya jambo hilo. Na ikiwa kukwama kunaanza baada ya dakika ishirini, wala si mwanzoni, gusa kava kwanza. Kwa joto letu la pwani na vumbi la miaka miwili kwenye feni, prosesa inapunguza kasi ili isiungue.

Mengine nayapitia haraka. Wachezaji wenzako wakirukaruka huku kamera yako ikigeuka laini, hiyo ni intaneti, usiniletee mashine. Pawa saplai dhaifu kwa kawaida huzima mashine, haiikwamishi. Monita ichomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi. Ndiyo, nimelikuta hilo zaidi ya mara moja. Draiva za kadi ya zamani ziondolewe kwa DDU, programu ya kuzifuta kabisa.

Huyu wa nne alikuwa na madabodi ya siku nyingi ya AM4, aina ya soketi ya prosesa za AMD, na pamoja na kadi alikuwa amebadilishiwa prosesa. Nilifungua Task Manager upande wa kumbukumbu: RAM yake, iliyoandikwa 3200 kwenye lebo, ilikuwa ikienda 2133. Prosesa mpya ilihitaji BIOS mpya, aliyemfungia akaisasisha kama inavyopasa, na BIOS ikisasishwa hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kwenda kwa kasi ya lebo, ikiwa imezimwa. Hakuna aliyeiwasha tena. (Ukitazama kwa programu ya CPU-Z utaona 1066, usizimie, RAM ya aina ya DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mzunguko.) Nilipofungua kava nikakuta vipande viwili vya RAM vimekaa jirani, sloti ya kwanza na ya pili kutoka kwenye prosesa, badala ya ya pili na ya nne, kwa hiyo vyote viwili vilikuwa vikipita mlango mmoja, yaani chaneli moja. Piga hesabu: chaneli moja kwa 2133 ni takriban GB 17 kwa sekunde, chaneli mbili kwa 3200 ni GB 51. Alikuwa amenunua kadi mpya na prosesa mpya, kisha akazilisha kwa theluthi moja ya kijiko.

"Sasa kaka, kadi nirudishe au nisirudishe?" aliniuliza, huku risiti bado iko mkononi.

Nilihamisha kipande kimoja, nikawasha XMP, nikahamisha gemu kutoka diski inayozunguka hadi SSD aliyokuwa akihifadhia picha za harusi ya dada yake, na nikaweka kikomo cha fremu 141 ili monita yake ya 144 Hz yenye FreeSync, inayofuata mwendo wa kadi, isifike ukingoni. Miiba karibu yote iliondoka. Siwezi kuapa ni hatua ipi iliyosaidia zaidi, maana nilizifanya kwa pamoja kwa kuwa alikuwa na haraka, na fundi anayekwambia kwamba daima hubadilisha kitu kimoja kimoja hana foleni ya wateja. Vivyo hivyo zipo mashine ambazo nimezisakinishia Windows upya zikapona, na mpaka leo sijui ziliumwa nini.

Ulibaki mwiba mmoja wa milisekunde 48, kwenye daraja la kuingilia mji. Nilipunguza ubora wa picha, ukabaki. Nikazima programu zote za nyuma, ukabaki. Mwishowe nililisakinisha gemu hilo kwenye mashine yangu, yenye kadi ya kampuni nyingine kabisa, nikalivuka daraja lile lile mara tatu huku yeye akitazama. Likakwama mara tatu.