Kuwaka na kuanza kwa kompyuta

Mwezi huu pekee nimepokea ujumbe wa aina moja mara tatu. Wa mwisho ulitoka kwa mwanafunzi aliyepanga chumba Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma: "Mwalimu, shikamoo. Kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe haiwaki kabisa, naomba msaada." Nikamuuliza kama feni zinazunguka. Akajibu kwamba zinazunguka, na taa za mazabodi, yaani ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, zinaonekana, ila kioo ni giza tupu. Basi kompyuta hiyo inawaka. Kilichoshindikana ni jambo jingine, na jambo hilo lina jina lake, na kwa kuwa halikutajwa kwa jina lake, kijana huyu alikuwa ameshapoteza wiki nzima na fedha ambazo hakuwa nazo.

Maana yenyewe ni fupi. Kompyuta inawaka pale kitufe kinapobonyezwa na umeme ukafika kwenye mazabodi na vifaa vilivyounganishwa nayo. Kompyuta inaanza pale prosesa, yaani chipu kuu inayotekeleza maagizo, inapokuwa imesoma maagizo yake ya kwanza, imekagua vifaa vyake, na kupakia mfumo endeshi (kama Windows) kutoka kwenye diski; mafundi wengi huita jambo hili kubuti. Katikati ya hayo mawili kuna hatua ya kujipima, ambayo haionekani kwa macho, na kwa hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi.

Ninalotaka kulieleza kwa urefu ni neno, kwa sababu naamini kosa linatoka humo.

Kuwaka ni neno la moto. Ni kitenzi cha Kibantu cha zamani, na Waganda nao husema kwaka kwa maana ya kuwaka au kung'aa. Kutokana nacho tumepata kuwasha, kwa kanuni ile ile inayotupatia rusha kutoka ruka, amsha kutoka amka na chemsha kutoka chemka: anayewasha ni yule anayekifanya kitu kiwake. Kabla ya umeme, kitendo hicho hakikuwa cha mara moja. Aliyelelewa Bahi au Mpwapwa kwenye jiko la mafiga matatu anajua kwamba kijiti cha kibiriti hakiwashi gogo. Kijiti huwasha nyasi kavu, nyasi huwasha vijiti, vijiti huwasha kuni nyembamba, na gogo hushika mwishoni, baada ya mtu kuinama na kupuliza mpaka macho yakatoa machozi. Lugha yetu iliziheshimu hatua hizo kwa kuzipa maneno: kulikuwa na kupekecha, kuwasha, kukoka, kupuliza na kuchochea, na mama aliyemtuma mtoto akakoke moto hakutarajia aambiwe tu kwamba "hauwaki". Alitaka kujua kama kibiriti kimelowa, kama nyasi ni mbichi, au kama kuni zimebanana mno hata hewa haipiti.

Kisha ikaja balbu pamoja na swichi ya ukutani, na neno lile likapunguzwa likabaki na hali mbili tu. Taa inawaka au imezimika, na hakuna cha katikati. Tulipoletewa redio, televisheni na simu, tulizihamishia neno hilo likiwa limeshapunguzwa hivyo, na kwa vifaa hivyo halikutudhuru sana, kwa sababu mtumiaji wa redio hana haja ya kujua kinachotokea ndani yake. Anayeunganisha kompyuta mwenyewe, kipande kwa kipande, yuko katika nafasi nyingine. Yeye ndiye mkoka moto, na anahitaji maneno ya mkoka moto.

Mafundi wa magari walikutana na tatizo hili zamani na wakalitatua vizuri. Sote tunasema "gari haliwaki", lakini ukimwambia hivyo fundi yeyote mwenye uzoefu, hatafungua boneti kabla ya kukuuliza kama linapiga stata. Stata ikizunguka na injini isishike, atatafuta mafuta au cheche. Isipozunguka kabisa, ataanza na betri na vichwa vyake. Swali moja linagawa kazi yote mara mbili. Katika kompyuta swali linalolingana na hilo ni la feni, na ninashangaa kwamba mtu anayelijua vyema swali la stata hukaa mbele ya kompyuta inayovuma na kusema haiwaki.

Neno kubuti nalo lina historia inayofaa kujulikana. Tulilichukua kwenye Kiingereza, na wenyewe walilitoa kwenye kiatu. Buti huwa na kitanzi upande wa nyuma, cha kulivutia mguuni, na Waingereza na Wamarekani walikuwa na msemo wa mtu kujiinua kwa kuvuta vitanzi vya mabuti yake mwenyewe, jambo ambalo haliwezekani. Katika miaka ya 1950 waundaji wa kompyuta waliuazima msemo huo kwa sababu walikabiliwa na kitendawili cha aina hiyo: mashine haiwezi kufanya lolote bila programu, na kupakia programu ni kazi inayohitaji programu. Ufumbuzi wao ulikuwa kuweka programu ndogo sana mahali ambapo mashine itaikuta kila mara, programu hiyo ilete nyingine kubwa kuliko yenyewe, na hiyo kubwa ilete kubwa zaidi. Huo ni moto wa mafiga matatu, kibiriti, nyasi, vijiti na gogo, na kwa maoni yangu neno kukoka lingelieleza jambo hili vizuri kuliko kiatu. Hata hivyo kubuti limeshaenea, na sina ugomvi nalo, mradi tusilitumie kwa kompyuta ambayo haijapata hata umeme.

Sasa tuzitazame hatua zenyewe katika kompyuta mpya iliyounganishwa nyumbani, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya maneno inapogeuka kuwa tofauti ya kazi.

Plagi inapochomekwa kwenye soketi ya volti 230 na swichi ya nyuma ya pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikawekwa kwenye alama ya I badala ya O, pawasaplai inatoa njia moja ndogo ya volti 5 ambayo haizimiki hata kitufe kisipobonyezwa. Ndiyo inayowasha taa ndogo iliyomo kwenye mazabodi nyingi. Taa hiyo imewapotosha wengi, kwa kuwa inaonyesha tu kwamba umeme umefika mlangoni. Kompyuta yenyewe bado haijawaka. Kitufe kinapobonyezwa, pini mbili zinagusana, mazabodi inauunganisha waya mmoja wa pawasaplai na ardhi ya umeme (waya ambao kwa desturi ulikuwa wa kijani, ingawa siku hizi nyaya nyingi huwa nyeusi zote), na hapo ndipo volti 12, volti 5 na volti 3.3 zinapotoka kwa nguvu kamili. Hapo kompyuta imewaka. Ikiwa hakuna feni iliyotikisika, basi ni haki kusema haiwaki, na pa kutazama ni soketi, swichi ya nyuma, plagi kubwa ya pini 24, na vile viwaya vyembamba vya kitufe ambavyo ni rahisi kuvichomeka pini isiyo yake.

Baada ya kuwaka kuna kusubiri. Pawasaplai hujikagua na kuiarifu mazabodi kwamba umeme umetulia, kwa kawaida kati ya milisekunde 100 na 500 tangu kuwaka, na mpaka taarifa hiyo ifike, prosesa huzuiwa isifanye lolote. Inapoachiwa, huenda moja kwa moja kwenye chipu ndogo yenye programu ya kwanza, ile ambayo watu wengi bado huiita BIOS, na kujipima kunaanza: prosesa yenyewe, kisha ramu (kumbukumbu ya muda), kisha kadi ya picha (inayotoa picha ya kwenye kioo). Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitoa mlio mmoja mfupi ilipofaulu kipimo hicho. Mazabodi nyingi za sasa haziji na spika ya mlio huo, na badala yake baadhi zimewekewa taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuanzia), ambazo huwaka moja baada ya nyingine. Inayobaki imewaka ndiyo inayotaja mahali kompyuta ilipokwama. Nawasihi wanaounganisha kompyuta kwa mara ya kwanza wazitafute taa hizo kabla ya kutafuta fundi.

Humu katikati ndimo kompyuta mpya nyingi hukwama, zikiwa zinawaka vizuri kabisa. Mtu husahau ile plagi ya pini nane iliyo juu karibu na prosesa, akidhani ile ya pini 24 inatosha, na feni huzunguka huku prosesa haina umeme wake. Mwingine huchomeka vipande viwili vya ramu kwenye nafasi ya kwanza na ya tatu, wakati mazabodi nyingi zenye nafasi nne zinataka ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Mwingine, na huyu namhurumia zaidi, amefanya kila kitu sawasawa lakini ametumia ramu ya kizazi kipya, DDR5, ambayo mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa mazabodi ikiizoea huku kioo kikiwa giza. Yeye huhesabu hadi thelathini, huchomoa waya, hurudia, na kila mara huivunja kazi iliyokuwa ikiendelea. Wapo pia ambao kompyuta yao imeshajipima ikamaliza, lakini waya wa kioo wameuchomeka kwenye mazabodi badala ya kadi ya picha, ilhali prosesa waliyonunua, kama zile za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina, haina sehemu ya kutoa picha.

Na yule ambaye kioo chake kinaonyesha maandishi kwamba hakuna diski ya kuanzia, naye akaandika kuwa haiwaki, ana kompyuta iliyowaka, ikajipima, ikafaulu, na sasa inamwomba tu aweke mfumo endeshi kwenye diski yake mpya ambayo haina kitu.

Kijana wa Ng'ong'ona alikwenda dukani na kusema maneno yale yale mawili, "kompyuta haiwaki". Muuzaji aliyasikia kama yalivyo, na kwa maneno hayo jibu lake halikuwa la kipuuzi: kisichowaka hakina umeme, basi pawasaplai imeungua. Wakaagiza nyingine Kariakoo, ikaja kwa basi, ikafungwa, na feni zikazunguka kama zilivyokuwa zikizunguka awali. Nilipomwomba anitumie picha ya mazabodi yake, taa ya DRAM ilikuwa inawaka. Ramu ilikuwa imeingia upande mmoja tu. Mazabodi yake ni ya aina yenye kibano upande mmoja wa nafasi ya ramu, na upande wa pili, usio na kibano, ulikuwa umeinuka kwa kiasi cha unene wa ukucha. Alichomoa umeme, akakandamiza mpaka ikalia, akaiacha dakika chache bila kuigusa, na kioo kikaleta picha.

Sikumlaumu, wala sitaki asomaye hapa amlaumu. Alitumia neno tulilompa. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba siku nyingine aniandikie hivi: "Mwalimu, shikamoo. Kompyuta inawaka na feni zinazunguka, lakini haimalizi kujipima, na taa ya DRAM imebaki." Ujumbe huo ningeujibu kwa mstari mmoja, na pawasaplai ya kwanza ingebaki mahali pake.