"Hana kichwa cha kompyuta": dai lililopimwa likakosa ushahidi

Karibu kila darasa la kuandika programu lina kauli yake baada ya mtihani wa kwanza: huyu ana kichwa cha kompyuta, yule hana. Mwalimu huisema kwa huruma, mzazi huikubali, na mwanafunzi mwenyewe hukaa nayo moyoni mpaka siku anapohamia somo jingine. Sisi tunaotafiti jinsi sayansi ya kompyuta inavyofundishwa na kueleweka tunaichukulia kauli hiyo kama dai jingine lolote, yaani dai la kupimwa. Limepimwa, na yaliyobainika yanamhusu kila anayefundisha, kila anayejifunza na kila mzazi anayelipa ada.

Tuanze na mwaka 2001. Mike McCracken na wenzake kutoka nchi mbalimbali waliwapa mtihani mmoja wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne. Wote walikuwa katika kozi zao za mwanzo za programu. Kazi ilikuwa kuandika programu ya kikokotoo kinachosoma hesabu na kutoa jibu, jambo ambalo walimu wao waliamini liko ndani ya uwezo wao. Wastani wa alama ulikuwa 22.89 kati ya 110. Wengi hawakufika hata mahali ambapo programu yao inakubali kuanza kazi. Matokeo hayo yalishtua, kwa sababu hayakuwa ya chuo kimoja dhaifu ambacho mtu angeweza kukinyooshea kidole.

Baada ya mshtuko huo walimu wengi waliegemea maelezo mepesi: kuna watu waliozaliwa na uwezo huu na kuna wasio nao. Mwaka 2006 Saeed Dehnadi na Richard Bornat, wa Chuo Kikuu cha Middlesex nchini Uingereza, walisambaza andiko lililodai kuwa jaribio fupi, linalofanywa kabla hata ya somo la kwanza, linaweza kuwatenga watakaofaulu na watakaoshindwa. Andiko hilo lilienea upesi na bado hunukuliwa vikaoni. Wanaolinukuu husahau kilichofuata: mwaka 2014 Bornat aliandika hadharani kulikana, akasema madai yale hayakuwa na msingi. Nadhani kukana kwake kulistahili kusomwa na watu wengi kuliko andiko lenyewe.

Kisha mwaka 2016 Elizabeth Patitsas na wenzake wakalifikia dai hilo kwa njia nyingine. Kama kweli wanafunzi wapo wa aina mbili, alama zao zingejikusanya katika vilele viwili, kimoja cha waliofaulu sana na kingine cha walioanguka, bonde likiwa katikati. Walichukua migawanyo 778 ya alama za mwisho za kozi za kompyuta katika chuo kikuu kimoja cha Kanada. Iliyoonyesha dalili ya kilele zaidi ya kimoja ilikuwa asilimia 5.8 tu. Sehemu ya pili ya utafiti ule ndiyo inayonikaa akilini zaidi: walimu wa kompyuta walipoonyeshwa grafu ambazo hazikuwa na sura ya wazi, wale walioamini kipaji cha kuzaliwa ndio walioelekea zaidi kuona vilele viwili. Imani ilikuwa inawachagulia cha kuona.

Sasa, kama tatizo si kichwa, liko wapi? Jibu la kwanza zuri lilitoka kwa Raymond Lister na kundi lake mwaka 2004. Badala ya kuwataka wanafunzi waandike programu, waliwapa vipande vifupi vya msimbo (maandishi ya programu) uliokwisha kuandikwa, wakawauliza kitatokea nini ukiendeshwa. Wanafunzi wa nchi saba walishiriki, na sehemu kubwa yao walikwama hapo hapo. Hawakuweza kufuatilia kwa uhakika programu ya mistari michache, huku darasani wakidaiwa waandike ya mistari mia. Ni sawa na kumtungisha insha mtu ambaye bado anasoma kwa kukokoteza herufi.

Ili mambo yaeleweke, hebu tutazame mistari mitatu ya programu, ya aina ambayo Dehnadi mwenyewe aliwapa wanafunzi wake:

a = 10
b = 20
a = b

Baada ya hapo, a ina thamani gani na b ina thamani gani? Kwa lugha nyingi za programu jibu ni 20 na 20: mstari wa tatu unanakili thamani ya b na kuiweka ndani ya a, na b inabaki kama ilivyo. Kwa aliyezoea, hakuna cha kufikiri hapo. Ila msikilize anayeanza. Mmoja atasema a ni 20 na b ni sifuri, kwa kuwa kitu kilichohamishwa hakiwezi kubaki kilipotoka. Mwingine atasema vimebadilishana, a ni 20 na b ni 10. Wa tatu atajumlisha, apate 30. Wa nne atagoma kabisa: kumi hailingani na ishirini, kwa hiyo mstari wa tatu ni uongo. Huyo wa nne amefundishwa hisabati vizuri. Kwa miaka yote ya shule alama ya = ilimaanisha pande mbili zinalingana, na leo inatumika kutoa amri bila mtu kumwambia.

Kila mmoja kati ya hao wanne ana kanuni, na anaifuata kwa uaminifu. Ukimpa swali la pili na la tatu utaona jibu lake linatabirika. Mwalimu anayeweka alama ya kosa na kupita amepoteza habari muhimu kuliko zote za siku hiyo, yaani mwanafunzi huyu anadhani mashine inafanya nini. Benedict du Boulay alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1980: anayejifunza programu anahitaji kujengewa picha ya mashine inayotekeleza amri zake, inahifadhi nini, inafuata mpangilio upi, inasahau nini. Asipopewa picha hiyo atajiundia ya kwake, na ya kwake mara nyingi ina kasoro.

Roy Pea, mwaka 1986, alionyesha kasoro iliyo chini ya nyingine nyingi. Alikuta wanafunzi wanaoamini, bila kujua kwamba wanaamini, kuwa ndani ya kompyuta mna akili inayowaelewa. Chukua programu ambayo juu kabisa ina amri "ikiwa ukubwa ni 10, andika habari", na chini yake sehemu inayoongeza ukubwa kidogo kidogo mpaka upite 10. Wanafunzi wengi hutabiri kuwa neno litaandikwa pale ukubwa utakapofika 10, kana kwamba ile amri ya juu imekaa macho ikingoja wakati wake. Kompyuta iliisoma mara moja, ikakuta sharti halijatimia, ikaendelea. Hairudi nyuma. Binadamu ukimwambia "mgeni akifika niite" atakumbuka mchana kutwa, na mazoea hayo ya kuzungumza na watu ndiyo tunayoingia nayo darasani.

Mtu anaweza kudhani kuwa mwalimu mzoefu anayajua makosa ya wanafunzi wake bila kuhitaji watafiti. Neil Brown na Amjad Altadmri walilipima hilo mwaka 2014 kwa kutumia Blackbox, hazina ya kumbukumbu za wanaojifunza lugha ya programu ya Java, waliokubali kazi zao zihifadhiwe bila majina. Waliwaomba walimu wapange makosa kuanzia la mara nyingi hadi la nadra, kisha wakalinganisha orodha hizo na yaliyofanywa na wanafunzi zaidi ya 100,000. Walimu hawakukubaliana sana wao kwa wao, na makadirio yao yalilingana na kumbukumbu kwa kiasi tu. Miaka ya kufundisha haikuleta tofauti yoyote. Mimi sioni hapa sababu ya kuwabeza walimu. Mwalimu anaona karatasi iliyokusanywa. Saa mbili za kuhangaika nyumbani kabla ya hiyo karatasi hazioni.

Kutokana na matokeo kama haya zimezaliwa njia za kufundisha ambazo nazo zimepimwa. Sue Sentance na wenzake nchini Uingereza wamejenga mtiririko unaoitwa PRIMM. Mwanafunzi anapewa programu inayofanya kazi, anatabiri itatoa nini kabla ya kuigusa, anaiendesha aone kama utabiri umesimama, anaichunguza kipande kwa kipande, anaibadilisha kidogo, na mwisho kabisa anatengeneza ya kwake. Hatua ya kutabiri ndiyo yenye nguvu, kwa sababu inalazimisha ile picha ya kichwani itoke nje ionekane. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 waliofundishwa hivyo kwa wiki kadhaa walifanya vizuri kuliko wenzao wa madarasa ya kawaida.

Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand walikuja na zoezi jingine mwaka 2006: mistari ya programu sahihi inachanganywa, na kazi ya mwanafunzi ni kuipanga upya. Hahangaiki na nukta na mabano, akili yake yote iko kwenye mantiki. Barbara Ericson na wenzake waligundua baadaye kuwa wanaofanya mazoezi haya hujifunza sawa na wanaoandika programu nzima, kwa muda mfupi zaidi.

Kwa madarasa makubwa ya vyuo ipo mbinu iliyotoka kwenye fizikia, kwa Eric Mazur wa Harvard. Swali linaulizwa, kila mtu anapiga kura ya jibu kimya, wanajadiliana wachache wachache, wanapiga kura tena, ndipo mwalimu anaeleza. Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilipolinganisha kozi nne kwa kipindi cha miaka 10, walioanguka walikuwa asilimia 20 katika mihadhara ya kawaida na asilimia 7 katika mbinu hii. Wanafunzi hawakuchaguliwa upya. Kilichobadilika ni namna ya kutumia saa ya darasani.

Dai la kipaji lina madhara yake kwa wasichana hasa. Chuo kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani kilikuwa na asilimia 7 ya wanawake walioingia sayansi ya kompyuta mwaka 1995. Kufikia 2000 walikuwa asilimia 42. Uchunguzi wa Jane Margolis na Allan Fisher ulikuta kuwa kilichokuwa kikihesabiwa kama uwezo kilikuwa zaidi uzoefu wa awali, wa mvulana aliyekuwa na kompyuta chumbani tangu utotoni. Chuo kikaacha kutanguliza uzoefu huo katika udahili na kikafungua njia tofauti za kuanzia kozi.

Lugha nayo imechunguzwa. Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill, mwaka 2017, waliangalia kazi za watumiaji wa Scratch, lugha ya programu ya wanaoanza, katika nchi kadhaa zisizotumia Kiingereza kama lugha kuu. Waliotumia maneno ya amri katika lugha ya nchi yao walionyesha dhana mpya haraka kuliko wenzao wa nchi zile zile waliotumia Kiingereza.

Linalotushughulisha zaidi sasa ni akili mnemba (AI) inayoweza kumwandikia mwanafunzi programu. Mwaka 2022 ilionyeshwa kuwa programu ya aina hiyo, iitwayo Codex, ikipewa mitihani ya kozi ya kwanza ingeingia katika robo ya juu ya darasa. Mwaka 2024 James Prather na wenzake waliwakalisha wanafunzi 21 mbele ya vifaa vinavyofuatilia mwendo wa macho, wakawatazama wakitatua swali kwa msaada wa zana hizo. Waliokuwa vizuri tangu mwanzo waliharakisha kazi, wakayapuuza mapendekezo yasiyofaa. Waliokuwa wakihangaika waliendelea kuhangaika kwa namna zile zile za zamani na nyingine mpya, lakini wengi wao walimaliza wakiamini wameelewa.

Ndiyo maana tunawashauri walimu, katika mwaka huu wa masomo, waweke sehemu ya alama kwenye maswali ya kutabiri na kueleza msimbo kwa mdomo au kwa kalamu, zana zote zikiwa zimefungwa. Mistari mitatu ile ya a na b inatosha kwa somo la kwanza, mradi kila mwanafunzi apewe nafasi ya kusema kwa nini amejibu alivyojibu.