Anno 1404: viungo vinapokwisha bandarini

Nafundisha usafirishaji wa bidhaa hapa Bukavu, na vijana wanaocheza Anno 1404, mchezo wa kompyuta wa kujenga miji na kufanya biashara, huniletea swali lilelile: mji ulikuwa unakua vizuri, mbona watu wameanza kuhama? Ninawaambia wafungue depo ya bandarini, yaani ghala la mji, kwanza. Mara nyingi viungo vimekwisha.

Mchezo huu ulitoka mwaka 2009, kazi ya Related Designs na Blue Byte za Ujerumani, chini ya Ubisoft. Wakulima wa mwanzo hawasumbui: wakipata samaki, kinywaji cha matofaa na kanisa dogo, wametulia. Wakipanda daraja wanadai viungo na nguo za kitani, na viungo havioti kaskazini, kwenye visiwa unakojenga mji wako. Inabidi upatane na Al Zahir, waziri mkuu wa sultani, ndipo ulime kwenye visiwa vya jangwani. Huko nako shamba halizai bila noria, lile gurudumu la kuvuta maji. Maji ya noria hupungua, na kuyajaza tena ni pesa. Asiyeyaangalia, mavuno yanashuka kimyakimya kusini huku yeye anashughulika na kanisa lake kaskazini.

Ila kosa ninaloliona zaidi liko kwenye meli. Tuseme mji wako unakula tani 2 za viungo kila dakika, na meli inatumia dakika 10 kwenda na kurudi. Kila safari lazima ilete tani 20, la sivyo depo itafika sifuri hata kama mashamba yamejaa mavuno. Kuongeza shamba hapo ni kupoteza pesa, ongeza meli. Wanaopeleka mananasi kutoka kisiwa cha Idjwi hadi soko la Kadutu hapa Bukavu wanalijua hili vizuri: mzigo uliobaki ufukweni haujauzwa.

Tena, viungo vipe meli yao peke yake. Ukivichanganya na bidhaa nyingine nne kwenye njia moja yenye vituo vingi, kila kituo kinarefusha safari, na ile hesabu ya dakika 10 inavurugika. Binafsi napenda kuweka akiba ya safari mbili nzima kabla ya kuruhusu nyumba zaidi zipande daraja, kwa sababu maharamia wapo, na meli moja ikizama mji unaendelea kula.