Kwa nini wastani wa vipimo vingi huaminika kuliko kipimo kimoja

Mwezi Mei 2020, maji ya Ziwa Viktoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, yakaipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964. Waliokuwa wakiishi ufuoni hawakuhitaji kipimo chochote ili wajue kwamba ziwa limefurika, kwa kuwa maji yalikuwa yameingia majumbani. Kusema kwamba rekodi imevunjwa, hata hivyo, ni dai zito zaidi, kwani tofauti ni sentimita 1 tu, ilhali hata wimbi dogo la upepo huinua na kushusha maji kuliko hapo. Mtu anayesoma ubao wa kupimia mara moja na kuondoka hawezi kutofautisha kimo cha ziwa na kimo cha wimbi lililopita wakati huo.

Dawa yake ni kusoma mara nyingi, kujumlisha, kisha kugawanya kwa idadi ya vipimo. Wengi hufanya hivyo kwa mazoea bila kuelezwa sababu, na sababu yenyewe inastahili kueleweka.

Tuchukulie kwamba kila kipimo kina kosa la sentimita 1, ama juu ama chini, kwa uwezekano ulio sawa. Anayepima mara 1 amekosea kwa sentimita 1, hana pa kukwepea. Anayepima mara 2 anakabiliwa na mipangilio 4: juu na juu, juu na chini, chini na juu, chini na chini, katika miwili kati ya hiyo makosa yanafutana kabisa. Akipima mara 4, mipangilio inakuwa 16, na ni miwili tu inayouacha wastani na kosa zima la sentimita 1. Katika minane kosa ni nusu sentimita, na katika sita halipo kabisa. Hakuna kipimo kilichosahihishwa hapa, kila kimoja kingali na kosa lake. Lakini ili wastani ukosee sana, makosa yote hayana budi kuelemea upande mmoja, na jambo hilo huzidi kuwa adimu kadiri vipimo vinavyoongezeka.

Kosa la kawaida la wastani, yaani kiasi ambacho wastani hukosea kwa kawaida, hupungua kwa kugawanywa na kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Vipimo 4 hulipunguza hadi nusu, na vipimo 100 hadi sehemu ya kumi. Anayetaka kulipunguza kwa nusu tena kutoka hapo atahitaji vipimo 400. Kwa hiyo hufika mahali ambapo ni afadhali kuboresha njia ya kupima, kwa mfano kusoma kimo cha maji ndani ya kisima kidogo kilichounganishwa na ziwa kwa bomba jembamba, ambamo mawimbi hutulia.

Hesabu hii yote inasimama juu ya sharti ambalo husahaulika mno: kosa la kipimo kimoja lisitegemee kosa la kingine. Upepo wa Ziwa Viktoria hubadilika kati ya mchana na usiku, na upepo unaoendelea kuvuma huyasukuma maji kuelekea upande mmoja. Vipimo 20 vilivyosomwa ndani ya dakika chache vyote vimebeba msukumo huo huo, na wastani wake utaondoa mawimbi madogo tu. Vipimo vichache vilivyotawanywa katika saa mbalimbali vina thamani kubwa zaidi.

Vilevile, ikiwa ubao wenyewe umedidimia kwa sentimita 3, kila usomaji utazidi kimo halisi kwa sentimita 3, na wastani wa vipimo 1,000 utazidi vilevile. Kosa la namna hii ni la hatari kuliko yote, kwa sababu vipimo vinakubaliana vizuri na kumpa mpimaji imani asiyostahili kuwa nayo. Huligundua tu anayeulinganisha ubao na alama nyingine ya kudumu iliyo nchi kavu, ambayo kimo chake kinajulikana.