Juisi haizibui mishipa, ila balungi laweza kukuzidishia dawa

Kwenye makundi ya WhatsApp huzunguka ujumbe uleule: kunywa juisi ya komamanga, mafuta yatayeyuka na mishipa itazibuka. Wapo wanaoacha dawa za presha kwa kuamini hivyo, na hilo linanitia wasiwasi sana.

“Komamanga husafisha mishipa.” Hapana. Mafuta hayo hayakai wazi ndani ya mshipa. Yamejijenga ndani ya ukuta wake. Mwaka 2004 watafiti wa Israel walitangaza matokeo mazuri kwa wagonjwa wachache mno. Utafiti mkubwa zaidi wa 2009, watu 289 kwa miezi 18, haukuona tofauti ya maana kwa jumla katika unene wa kuta za mishipa ya shingo.

“Basi juisi haina lolote.” Nalo si kweli. Utando wa ndani wa mshipa hutengeneza gesi ya naitriki oksaidi, nayo huulegeza mshipa damu ipite kwa wepesi. Ugunduzi huo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Flavonoidi, kemikali za asili zilizomo katika matunda, huusaidia utando huo kufanya kazi yake. Katika utafiti wa Ufaransa wa 2011, wanaume 24 wenye uzito uliozidi walikunywa nusu lita ya juisi ya chungwa kila siku kwa wiki 4, na presha yao ya chini, ile namba ndogo ya kipimo, ikapungua. Walipopewa hesperidini, flavonoidi kuu ya chungwa, ndani ya vidonge, ilipungua pia. Kwa hiyo sifa zote tusiipe vitamini C. Hata hivyo ni msaada mdogo, haufiki mahali pa dawa.

“Juisi iliyochujwa vizuri ndiyo bora.” Hesperidini nyingi imo kwenye nyama nyeupe ya chungwa na ngozi za vipande vyake. Muuza machungwa huimenya njano akatuachia nyeupe. Sisi tunafyonza maji na kuitupa. Itafune, hata kama ina uchungu kidogo. Tena glasi ya mililita 250 ina zaidi ya gramu 20 za sukari kabla hujaongeza kijiko, na Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari ya kuongezwa.

“Cha asili hakidhuru.” Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Mwaka 1989 David Bailey na wenzake huko Kanada walikuwa wakichunguza felodipini, dawa ya presha, inapotumiwa pamoja na pombe, wakatumia juisi ya balungi (grapefruit) kuficha ladha ya pombe hiyo. Dawa ikapanda kwenye damu kuliko ilivyotarajiwa. Balungi lina furanokumarini, kemikali zinazozima kimeng'enya cha utumbo ambacho kwa kawaida huvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia mwilini. Glasi moja inatosha, na athari huendelea zaidi ya siku nzima, kwa hiyo kunywa juisi asubuhi na dawa usiku hakukuokoi. Nifedipini, dawa nyingine ya presha, inaweza kushusha presha kupita kiasi. Simvastatini, dawa ya lehemu (kolesteroli), ikizidi huharibu misuli. Atorvastatini, nayo ya lehemu, huguswa pia; amlodipini, ya presha, kidogo sana. Ukiwa na dawa yoyote ya moyo au presha, muulize mfamasia kwanza, na umtajie pia danzi na furungu, kwani nayo yana furanokumarini. Chungwa tamu la kawaida halina tatizo hilo.